Punje za Peke Yake

Nianze na kosa lenyewe, ili msomaji asilitafute njiani. Magari mawili meupe ya aina moja, yaliyoshuka meli moja na kufika Tunduma siku moja, niliyabandikia karatasi kwa kupishana. Za hili niliziweka kwenye kioo cha lile. La kwanza likavuka kwenda Zambia na kuendelea mpaka Kongo likiwa na karatasi za mwenzake. La pili likabaki mpakani, na dereva wake amesimama kando yake na funguo mkononi, akiulizwa gari hilo amelitoa wapi.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha. Neno karani nililiandika kila mahali nilipopata nafasi, hata kwenye jalada la Biblia. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na pale ofisini niliingia kwa mlango wa kufagia. Fomu nilijifunza kuzijaza kwa kuokota zile zilizoharibika kwenye pipa la taka na kutafuta makarani wenzangu wa baadaye walikosea wapi. Kompyuta nilijifunza wao wakiwa wamekwenda kula. Kiingereza nilikipata kwenye vitabu vya maelekezo vilivyosahaulika ndani ya magari, kurasa chache za Kiingereza katikati ya maandishi ya Kijapani ambayo nilikaa nayo mpaka nikazijua namba zao. Ilipofika mwaka wa pili, karatasi ngumu zilikuwa zinaletwa kwangu.

Kila namba ya chasisi niliihakiki mara tatu, rula ikiwa chini ya mstari. Siku ile pia nilihakiki mara tatu, na namba zote zilikuwa sahihi. Ambacho sikuhakiki ni kioo cha gari.

Bosi hakunitukana. Alisema tu, "Binti, nenda nyumbani upumzike kwanza. Nitakuita." Hakuniita. Mara nyingi nimefikiri kwamba angenitukana ningepona upesi, maana tusi unaweza kulijibu, hata kimoyomoyo. Kupumzika sikujua nakujibu vipi.

Basi nikapumzika. Sikupanga kujifungia. Siku ya kwanza nililala, ya pili nikasema kichwa kinauma, na kwenye siku ya kumi kutoka nje kulikuwa kumeshakuwa jambo linalohitaji maelezo, nami maelezo sikuwa nayo. Nilikaa chumbani mwaka mmoja na miezi. Niliingia watu wakichoma mahindi mabichi barabarani, harufu yake nikaisikia kupitia dirishani, na nilikuwa bado mle ndani ilipokuja tena mwaka uliofuata.

Mimi na mama tulipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji wengi, yenye ua mmoja na bomba moja. Mama alikuwa anauza wali na maharage kwa madereva wa malori. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka ilikuwa inaanza mpakani na kurudi nyuma kwenye barabara ya Mbeya mpaka mwisho wake usiuone, na mama alitembea pembeni yake na mahotipoti mawili, moja kichwani na moja mkononi. Mshahara wangu ulipokatika aliongeza hotipoti la tatu, la chai. Nililiona kupitia dirishani. Hakulisema, nami nilijifanya sikuliona, na katika yote ninayoungama hapa hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Watu walisema. Kwanza walisema nina mimba. Miezi tisa ilipopita bila kusikika mtoto, wakasema nimerogwa na mtu aliyetaka kiti changu ofisini. Chumba changu kilikuwa jirani na bomba, kwa hiyo maneno yote yalinifikia yakiwa bado ya moto. Siku moja mpangaji mwenzetu, mwanamke mshona nguo, alimkabili mama palepale.

"Mama, hivi mwanao anaumwa nini?"

"Haumwi. Yuko chumbani kwake."

"Mwaka mzima?"

"Kwani kodi ya hicho chumba unalipa wewe?"

"Mimi nauliza kwa wema tu, dada yangu."

"Na mimi nakujibu kwa wema. Ndoo yako imejaa, inamwagika."

Ndani nilicheka huku nimefunika mdomo kwa khanga. Halafu nikalia, maana nilijua kujibu namna ile kila siku kunachosha kuliko kubeba mahotipoti.

Kitu kimoja mama alikikataa tangu mwanzo. Chakula hakukileta chumbani. Alikiacha kwenye jiko la uani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kimeiva," akaondoka. Nilisubiri ua utulie, wapangaji wakiwa kwenye shughuli zao, nikatoka mbiombio kama mwizi, nikala nimesimama, nikaosha sahani na kurudi. Nikikawia, chakula kilipoa. Nilimwona mkatili kidogo.

Nilikuja kumwelewa kwa sababu ya redio. Alikuwa jikoni mchana mmoja akichagua maharage, na mlango wangu uko wazi kiasi cha kupitisha mkono. Idhaa moja ya Kiswahili ya kutoka ng'ambo ikaanza kueleza habari za Japani. Mtangazaji alisema huko kuna vijana, na siku hizi hata watu wazima, waliojifungia vyumbani mwao miaka na miaka. Uchumi ulipodorora makampuni yakaacha kuajiri kama zamani. Waliokosa nafasi, au walioipata wakaipoteza, waliona aibu kuonekana barabarani mchana. Wazazi wao wanazidi kuzeeka huku wanaendelea kuwalisha. Mama anaweka sinia la chakula nje ya mlango, anagonga, anaondoka, na baadaye anakuta sinia tupu.

Nilikaa kitako sakafuni. Tangu niingie mle ndani nilidhani ugonjwa huu ni wangu peke yangu duniani, na kumbe wanao hata watu wa nchi iliyotengeneza magari yaliyoniponza.

Maharage yaliacha kugonga sufuria.

"Kwa hiyo mna chama," mama alisema.

Nilisogeza sikio kwenye upenyo wa mlango.

"Na mama zao wanauza nini?"

"Sijui, mama. Hawakusema."

"Hilo ndilo wangesema." Aliendelea kuchagua, kisha akasema, "Mimi sinia mlangoni siweki. Nikianza kukuwekea mlangoni, iko siku nitazoea, nitasahau kama ndani kuna mtu."

Chini ya godoro nilikuwa na bahasha ya vitu nilivyookota kwenye magari ya kule ofisini, vitu ambavyo vingetupwa: sarafu yenye tundu katikati, kibanio cha nywele, na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, mistari saba, kila mstari una namba mwishoni. Niliamini ni orodha ya vitu vya dukani. Baada ya siku ile nilizoea kuitoa na kuitazama, nikijiuliza aliyeiandika alikuwa ananunua chakula cha nani.

Sasa nifike kwenye kahawa, maana bila kahawa nisingekuwa naandika haya.

Mama ni mtu wa kijiji cha Iyula, na bibi, mama yake, yuko huko mpaka leo na shamba lake la kahawa. Zamani kahawa ilikuwa na mnunuzi mmoja tu. Biashara ilipofunguliwa wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, bei ikapanda watu wakaezeka mabati, halafu ikaanguka wengi wakang'oa mibuni na kupanda mahindi. Bibi hakung'oa hata mmoja. Baadaye aliingia kwenye kikundi cha wakulima waliokuwa wanamenya, wanaosha na kukausha wenyewe, kisha wanauza kwa pamoja kwa mnunuzi anayetaka kahawa safi. Lakini mwaka uliotangulia gunia la bibi lilikataliwa mbele za watu. Lilikuwa na punje zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Macho yake hayakuwa yanaona tena.

Mama alirudi kutoka Iyula na debe zima la kahawa iliyokauka, ikiwa bado na gozi lake jeupe, lile ganda jembamba la juu. Aliliingiza chumbani kwangu bila kubisha hodi, akalitua katikati ya sakafu.

"Magunia ya kikundi yanafungwa mwezi huu," alisema. "La bibi yako limebakiza hili debe tu lijae. Lisipojaa halipokelewi, likiwa chafu linakataliwa tena. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa chini siku nzima akitazama makosa. Nikamwambia, huyo mtu ninaye."

Sikujua kama nimetukanwa au nimesifiwa. Nilivuta ungo nikaketi chini ya dirisha.

Ilinichukua siku tisa. Nilitoa zilizokatwa na mashine ya kumenyea, zilizokuwa nyeusi, zenye tundu, zilizochubuka gozi. Kila ungo niliupitia mara tatu, kama nilivyopitia namba za chasisi. Na kulikuwa na punje nyingine ambazo mwanzoni sikujua nizifanyeje. Punje ya kahawa ina upande mmoja bapa. Hizi hazikuwa na ubapa, zilikuwa nene za mviringo kama njegere. Hazikuwa na tundu wala doa, ila hazikufanana na zile nyingine. Nilizitoa. Nilizitoa zote, mpaka ya mwisho, nikazijaza kwenye kopo la mafuta ya kupikia na kuandika ubavuni kwa kalamu ya wino: MBOVU.

Debe lilipokwisha nililitazama kwa muda mrefu. Punje zilikuwa zimelala sare, zote za umbo moja, kama zimehesabiwa moja moja. Kwa mara ya kwanza tangu yale magari meupe, nilikuwa nimefanya kitu kisicho na kosa.

Mama alilipeleka debe Iyula. Aliporudi kesho yake nilimsikia akicheka peke yake tangu getini. Alikuja kukaa kwenye kizingiti cha chumba changu.

"Bibi yako ameingiza mkono, amekoroga. Akasema, safi. Akakoroga tena. Akasema, za peke yake ziko wapi?"

"Za peke yake ndiyo nini?"

Akanieleza kama alivyofundishwa utotoni. Tunda la kahawa huwa na punje mbili, zimelala zimetazamana, ndiyo maana zina ubapa. Lakini yako matunda ambayo hukua punje moja tu. Hiyo haina mwenzake wa kuibana, kwa hiyo inakuwa mviringo. Si mgonjwa. Kiwandani hutengwa ikawekewa gunia lake, na wako wanunuzi wa nje wanaoitafuta hiyo hiyo.

Nililitazama kopo. "Ulimwambia nimezitoa?"

"Nilimwambia umezitoa na umeziandika."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, wewe kwani umezaa wangapi? Nikamwambia, mama, si unajua, mmoja tu. Akacheka mpaka akakaa chini." Mama alifuta macho kwa upindo wa khanga. "Sasa sikiliza. Gunia limepungukiwa shingoni, kiasi cha hilo kopo lako. Mnunuzi anakuja Ijumaa. Bibi amesema uzilete wewe."

"Mama, zichukue tu wewe. Kesho asubuhi."

"Amenikataza kuzibeba."

"Mama."

"Wewe mama yako humsikilizi. Mimi wa kwangu namsikiliza."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano nilioga, nikavaa gauni nililolizoea kazini, nikafika kwenye komeo la mlango na kusimama pale mpaka jasho likalowesha gauni. Alhamisi nilifika uani. Mshona nguo alikuwa bombani. Aliinua kichwa, akafungua mdomo, na kabla hajatoa neno nilikuwa nimesharudi chumbani na mlango umefungwa. Mama aliona yote. Alibeba mahotipoti yake matatu akaenda.

Nilimwaga kopo kwenye ungo. Nilijiambia natafuta mbovu hata moja humo, niwe na sababu ya kutokwenda. Nilizipitia mara tatu. Hakukuwa na mbovu hata moja. Zilikuwa nzito kuliko zile za debe, na ukiziachia ziliviringika kwenye ungo zikarudi katikati zenyewe. Na pale ubavuni mwa kopo kulikuwa na neno, kwa mwandiko wangu mzuri wa karani, herufi zimenyooka, na neno lile lilikuwa uongo.

Sitaki kujipamba. Si ujasiri ulionitoa, na wala si mapenzi kwa bibi, ingawa nampenda. Karatasi nilizobandika kwenye lile gari la kwanza zilishakwenda Kongo, siwezi kuzifuata. Hili kopo nilikuwa nalo mkononi. Sikuweza kukaa nalo chumba kimoja. Nililikwangua neno kwa kucha, wino ukabakia, nikalikwangua kwa mchanga wa kusugulia sufuria mpaka bati likang'aa.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mama jikoni anafunika wali. Nilikuwa nimevaa na kopo liko kwapani. Alinitazama toka juu mpaka chini.

"Shika hotipoti la chai," alisema. "Huwezi kutembea na mimi mikono mitupu."

Tulitembea kando ya foleni, malori upande mmoja na maduka upande mwingine. Nilitazama matairi tu. Lakini wale madereva walikuwa wateja wa mama, na baadhi yao walikuwa wamekaa pale siku ya nne. Mmoja aliteremsha kioo.

"Mama Wali, huyu ndiye yule wa ndani?"

"Ndiye. Nimemleta mmuone, maana mlishamchimbia kaburi."

"Sisi? Sisi tulimchangia maombi."

"Basi yamejibiwa. Lipa chai."

Dereva mwingine, Mzambia mnene aliyekuwa amevaa kandambili, alimwita mama bamayo, yaani mama kwa lugha ya kwao, akaninyooshea kikombe. Nilimimina macho yakiwa kwenye matairi, nikammwagia kidogo kwenye vidole. Nikasubiri anipigie kelele. Akavipangusa kwenye suruali. "Ya moto," alisema. "Leo ni ya moto. Jana mama yako alituletea maji ya mto." Mama akamwambia jana alikuwa ameilipia kwa maneno, ndiyo maana. Nilinyanyua macho nikauona mji, vumbi lake na vibao vyake, haukuwa umenisubiri wala kunikimbia.

Mwishoni mwa foleni mama alisimamisha basi la kuelekea Vwawa, ambako ndiko njia ya Iyula. Alichukua hotipoti lake mkononi mwangu, akaniachia kopo. "Usilifungue njiani," alisema, na hakungoja basi liondoke. Nilimwona kupitia dirishani akirudi kati ya malori, kichwa kimenyooka chini ya mzigo, shingo ile ambayo mwaka mzima ilinibeba na mimi. Sijapata kujivunia mtu kama nilivyojivunia yule mwanamke nikimwona kwa mgongo.

Iyula nilifika magunia yamepangwa mstari kwenye uwanja wa kikundi, na la bibi lilikuwa la mwisho, mdomo wazi. Bibi alikuwa amekaa kando yake kwenye kigoda. Hakuinuka. Alipapasa mkono wangu mpaka akalifikia kopo, akatia vidole ndani, akatikisa kichwa kukubali.

"Zirudishe," alisema.

Nilizimimina. Gunia lilijaa mpaka kwenye mshono. Wanawake wa kikundi walisogea kutazama, mmoja akachota kiganja.

"Hii mmechambua kwa mashine?"

"Kwa mjukuu wangu huyu," bibi alisema.

"Siku ngapi?"

Nilijibu mimi. "Debe moja siku tisa, mama."

"Tisa? Ukiolewa mumeo atakufa na njaa akisubiri uchague mchele."

Walicheka wote, nami nikacheka, na nilipocheka sauti yangu ilikwaruza kama mlango wa zamani.

Mnunuzi alikuja saa saba. Alipita kwenye kila gunia, akizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na kutoa kahawa ya katikati. Kwenye mengine aliuliza maswali. Mawili aliyaweka pembeni. Alipofika kwenye la bibi alizamisha mkono, akaifungua ngumi, akaigeuzageuza kahawa juani kwa kidole kimoja. Bibi alikuwa amegeuzia uso wake upande wa pumzi ya yule mtu. Mnunuzi alirudisha kahawa guniani, akapangusa mkono, akaweka alama ya vema, akaenda zake bila neno.

"Amesemaje?" bibi aliuliza.

"Hajasema kitu, bibi."

"Basi." Akatoa sindano ya gunia iliyokuwa imechomekwa kwenye kilemba chake, tayari ina uzi wa katani, akanipa. "Shona. Uvute sana, usinione sioni ukanishonea ovyo."

Nilishona. Mshono wa kwanza ulikwenda kombo nikataka kuufumua. Bibi alikuwa amelaza kiganja juu ya gunia, akasema, "Uache, umeshika," nikauacha. Upo mshono mmoja kombo duniani ambao niliuacha kwa hiari yangu.

Nilikaa Iyula mpaka kahawa ya kikundi ilipokwisha, nikichambua na wale wanawake, na tangu hapo kila msimu naitwa. Siku hizi debe nalimaliza kwa siku mbili. Bado nahakiki mara tatu, na bado ziko asubuhi ambazo komeo la mlango huwa zito. Siku kama hizo mama hunipa hotipoti la chai.

Sijui gunia lile lilifika wapi. Bwana shamba alituambia kahawa ya huku husafiri mbali, na nyingine hunywewa Japani. Nilifurahi kuliko inavyostahili. Magari yao yanapita mlangoni kwetu na kahawa yetu inakwenda mlangoni kwao. Jioni moja nilimwambia mama kwamba huwa nafikiri labda iko punje moja, ya mviringo, niliyoitoa na kuirudisha kwa mkono wangu, na labda kikombe chake kiliwekwa kwenye sinia, nje ya mlango wa mtu.

Mama alikuwa anaosha mahotipoti.

"Kikombe cha kwanza," alisema, "anywe mama yake."